Chumba kidogo hakihitaji mkopo, chahitaji mikono

Kila muhula unapoanza, walimu wapya hushuka kutoka kwenye matatu katika vituo vilivyo kando ya barabara itokayo mjini Kakamega kuelekea Webuye. Mkononi huwa na barua ya kazi, na begani godoro lililofungwa kwa kamba. Wengi wao hupata chumba kimoja cha kupanga, futi kumi kwa kumi, chenye dirisha dogo, sakafu ya saruji na kuta ambazo mpangaji aliyetangulia ameziachia alama za misumari na moshi wa jiko. Hapo ndipo watakapolala, watakapopika, watakaposahihisha madaftari na kupokea wageni.

Jambo la kusikitisha ni kwamba kabla mwezi wa kwanza haujaisha, wengi wao huwa wamekwisha kuulizia mahali pa kukopa fedha za kununulia makochi. Chumba cha futi kumi hutiwa makochi yaliyoundwa kwa ajili ya sebule ya futi ishirini. Mwalimu hupita ubavuubavu kuelekea kitandani kwake. Mkopo hukatwa mshaharani miezi ishirini na minne, na makochi huchakaa mwezi wa kumi na minane. Nalisema hili bila kumcheka mtu yeyote, kwani mimi mwenyewe nilipoajiriwa mara ya kwanza nilifanya hivyo hivyo, nikalipia viti ambavyo sikuwa na mahali pa kuviweka.

Ninayotaka kuyasema leo kwa walimu wenzangu na kwa wanafunzi wetu ni haya: chumba kidogo chaweza kupendeza bila mkopo. Chahitaji mikono, chahitaji Jumamosi chache, na chahitaji mwenye chumba aache kuyaonea haya yale yanayopatikana karibu naye. Tena nasema kwamba sisi tunaoishi upande huu wa Kakamega tuna sababu ndogo zaidi kuliko watu wengi ya kusingizia umaskini wa vifaa.

Tutazame mahali penyewe. Buyangu iko katika upande wa kaskazini wa msitu wa Kakamega, sehemu iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1985, yenye ukubwa wa karibu hekta 4,000. Mgeni akipanda kilima cha Buyangu alfajiri huona ukungu umelala juu ya miti, na chini yake husikia mbega wakiitana. Hilo ndilo linalowaleta watalii. Lakini mtalii huyo huyo, akiwa njiani kuelekea langoni, hupita vijiji ambavyo miaka mingi iliyopita vilikuwa na maonyesho ya sanaa yasiyotozwa kiingilio. Nazikusudia kuta za nyumba za mama zetu.

Waliokulia katika nyumba za udongo Magharibi mwa Kenya watakumbuka. Mwezi wa Desemba ulipokaribia, kabla ya Krismasi na kabla ya wageni kurejea kutoka Nairobi na Mombasa, wanawake walichimba udongo mtoni. Wa rangi nyekundu ulikuwa na shimo lake, na mweupe shimo lake. Weusi ulipatikana kwa masizi au kwa majivu ya majani yaliyochomwa. Walichanganya udongo na kinyesi cha ng'ombe, wakakandika kiambaza upya, wakaziba nyufa za kiangazi, kisha kwa vidole na vitambaa wakachora mikanda, mawimbi, pembetatu na maua. Nyumba mbili hazikufanana. Mtoto aliyetumwa kwa jirani aliambiwa, "Ni ile yenye mawimbi meusi chini ya dirisha," naye hakupotea.

Mama yangu alikuwa mmoja wa wanawake hao. Mimi ndiye niliyeukomesha uchoraji wake, na sikukusudia. Nilipopata mshahara nilifanya kile ambacho mwana mwema hutazamiwa kufanya: nilimjengea nyumba ya matofali, nikaezeka mabati na kupiga lipu ya saruji ndani na nje. Kijiji kizima kilinisifu. Desemba ya kwanza ilipofika nilimkuta ameketi barazani mikono ikiwa mapajani. Nilimwuliza kwa nini hapambi. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, huu si ukuta wangu. Ni wa fundi." Sikulielewa neno hilo wakati ule. Nililielewa miaka kadhaa baadaye, nilipokuwa nimekaa katika chumba changu cha kupanga, nimezungukwa na kuta tupu na makochi yenye deni.

Sijuti kumjengea mama yangu nyumba imara, na simshauri mtu yeyote arudi kwenye paa livujalo. Mabati yametuokoa na mengi. Kosa letu ni kwamba tulipohama kutoka kwenye udongo kwenda kwenye saruji tulihamisha vyombo, tukahamisha vitanda na kuku, lakini ule ujuzi wa kupamba tukauacha ukutani ukabomoke pamoja na kiambaza. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tuliuacha mbachao, na huo msala wenyewe tunaulipia kwa mkopo.

Watakuwapo watakaosema kwamba vitu vya bei rahisi huzaa urembo wa bei rahisi. Historia ya Afrika Mashariki yawakanusha. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini mwa Tanzania, alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mnamo mwaka 1968 hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji wa chuoni. Alitumia vipande vya mbao za ujenzi na rangi ya kung'arisha ambayo watu walipakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya kazi, na bado jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji unaojulikana duniani. Kule Uganda, Sanaa Gateja amejipatia sifa nje ya Afrika kwa kazi anazoziunda kwa shanga za karatasi kuukuu zilizoviringishwa. Mwananchi mwenzake, Acaye Kerunen, hutumia nyuzi za migomba, matete na ususi wa wanawake wa vijijini, na mwaka 2022 kazi zake zilikuwa miongoni mwa zilizoiwakilisha Uganda katika maonyesho makuu ya sanaa ya Venice, ambako banda la Uganda lilitunukiwa sifa maalumu.

Ama kwa wanaodhani kwamba nafasi ndogo ni kikwazo, nawaelekeza Lamu. Katika nyumba za kale za mawe za pwani, vyumba vilikuwa vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Waungwana wa Lamu hawakulalamika. Waliitumia kuta. Walichonga safu za zidaka katika lipu ya chokaa, wakapanga humo vyombo vya kauri na vitabu, na chumba chembamba kikaonekana kina kina. Funzo lao linatufaa hata leo katika chumba cha kupanga: sakafu ikiwa finyu, panda ukutani.

Basi tufanyeje? Nitayataja machache ambayo nimeyajaribu mwenyewe au nimeyaona kwa wenzangu, nayo hayahitaji fundi.

La kwanza ni mwanga. Chumba chenye dirisha moja huonekana kidogo kwa sababu kina giza. Ukuta wa lipu isiyopakwa rangi ya mafuta hupokea chokaa vizuri, na chokaa ni rahisi kuliko rangi ya dukani. Lowesha ukuta kwanza, paka chokaa nyepesi mara mbili au tatu, ukiacha kila mkono ukauke. Jihadhari, kwani chokaa huunguza macho na ngozi. Vaa glavu na usimwachie mtoto mdogo ndoo. Kisha tundika kioo cha kujitazamia mkabala na dirisha. Kioo kile kile ulichokuwa umekiegemeza nyuma ya mlango kitakurudishia nusu ya mchana uliokuwa ukipotea.

La pili ni vitabu. Mwalimu asiye na rafu huviweka vitabu katika maboksi chini ya kitanda, navyo huliwa na mchwa. Chukua matofali manane na mbao mbili za futi tatu. Panga matofali mawili mawili kila upande, weka ubao, rudia tena. Rafu imekamilika bila msumari hata mmoja, na siku ya kuhama utaibeba. Anayetaka zaidi na atafute makreti ya mbao yaliyobebea nyanya au matunda, ayapige msasa, ayapange matatu kwa kusimama na kuyafunga ukutani ili yasimwangukie mtoto.

La tatu ni karatasi. Sisi walimu ni matajiri wa karatasi: madaftari yaliyokwisha, mitihani ya majaribio, magazeti ya wiki jana. Chemsha kikombe kimoja cha unga wa ngano katika vikombe vinne vya maji, ukikoroga mpaka uwe kama uji mwepesi, nawe umepata gundi ambayo haina haja ya duka. Loweka karatasi zilizochanwa usiku kucha, zikamue, ziponde, zichanganye na gundi hiyo, kisha zifinyange juu ya bakuli lililopakwa mafuta. Ziache zikauke siku tatu nne mahali penye hewa. Utapata bakuli jepesi la kuwekea chaki, funguo au matunda. Karatasi za rangi kutoka kwenye kalenda kuukuu, zikikatwa pembetatu ndefu na kuviringishwa juu ya kijiti, huwa shanga, na shanga hizo zikitungwa kwenye uzi huwa pazia la mlangoni.

La nne ni nguo. Fundi wa cherehani yeyote sokoni ana rundo la vipande ambavyo jioni huvifagia. Mwombe. Vipande vya upana wa inchi moja na urefu wa inchi nne, vikipenyezwa na kufungwa kimoja kimoja katika gunia la mkonge au la juti, huwa zulia zito la rangi nyingi la kukanyaga mtu anapoamka asubuhi. Leso mbili zilizochoka kuvaliwa hutosha pazia la dirisha, na leso ya tatu, ikitundikwa kwenye kamba toka ukuta hadi ukuta, hukitenga kitanda na mahali pa wageni. Tena tusivisahau vile vitambaa vya kufuma ambavyo mama zetu walivitandaza juu ya kila kiti na kila redio. Tuliwacheka tukiwa vijana. Leo twavinunua kwa bei ghali vikiwa vimeletwa kutoka ng'ambo.

La tano ni mikebe. Mkebe wa kimbo au wa maziwa ya unga, ukijazwa mchanga mbichi ili usibonyee, hutobolewa kwa msumari kwa mfuatano wa nukta upendao. Mwaga mchanga, nawe una kifuniko cha taa kinachotawanya nyota ukutani. Kitumie kwa balbu ya umeme au ya sola isiyopata moto tu. Kamwe usikifunike juu ya koroboi. Mikebe mingine itobolewe chini na kupandwa mshubiri, dania au ua. Maji yasisimame humo wala katika kisahani, kwani sisi tunaishi katika nchi ya malaria na mbu haombi ruhusa ya kuingia.

Katika haya yote yapo ya kujiepusha nayo. Walimu wakongwe watakumbuka jinsi tulivyotia ubao weusi kwa unga wa betri kuukuu za tochi. Desturi hiyo tuiache. Ndani ya betri mna kemikali zisizofaa mikononi mwa watoto. Masizi ya jikoni na mkaa uliosagwa hutoa weusi ulio mzuri vile vile. Mikebe na chupa za dawa za mimea zisiingie nyumbani kwa kisingizio cha urembo, hata zikioshwa mara saba. Na pazia lisikaribiane na jiko la mafuta.

Onyo kubwa kuliko yote linahusu msitu wetu. Mtu anayeishi karibu na Buyangu anaweza kushawishika kuuona msitu kama ghala: hapa kamba, pale gome, kule okidi ya kutundika dirishani, pengine manyoya ya ndege. La hasha! Hifadhi si duka lisilo na mwenyewe. Sheria hairuhusu mtu kujichukulia mimea wala wanyama humo, na hata kama sheria ingelala, hesabu ingetukataza. Bandu bandu huisha gogo. Msitu huu umekwisha kubanduliwa vya kutosha kwa mkaa, mbao na malisho. Tangu tarehe 5 Juni 2020 ni marufuku pia kuingiza plastiki za kutumiwa mara moja katika hifadhi zetu, na mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini kote tarehe 28 Agosti 2017. Vitu tunavyovihitaji viko nje ya lango: udongo wa shambani kwetu, makumbi ya migomba yetu, mafunjo ya kinamasi chetu, vibuyu tulivyovipanda, vijiti vya mpera uliojiotea uani. Anayetaka kupamba chumba kwa msitu na auchore. Mbega akichorwa ukutani haondoki mtini.

Sasa nigeukie shule, maana hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa la makochi na kuwa la taifa.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 uliahidi kumpa mtoto elimu ya mikono. Tulisoma sanaa na ufundi, tulisuka vikapu, tulifinyanga vyungu, na mambo hayo yalitahiniwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 somo hilo liliondolewa katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na sote twajua yalipo mapenzi ya shule zetu: lisilotahiniwa halifunzwi. Kizazi kizima kikapita madarasani bila kushika udongo isipokuwa kwenye viatu. Mwaka 2017 majaribio ya mtaala wa umilisi yalianza, mtihani wa KCPE ukafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na sanaa ikarudi darasani. Tulishangilia. Lakini tazama ilivyorudi katika shule nyingi! Mtoto hutumwa nyumbani jioni kuleta karatasi za rangi, gundi ya dukani, rangi za maji na vitambaa vya mapambo, na mzazi ambaye siku hiyo amepalilia shamba la mwenzake kwa ujira hukimbia madukani usiku. Asipopata, mtoto huadhibiwa kwa jicho la mwalimu ikiwa si kwa maneno yake. Kisha mzazi mwenye uwezo humtengenezea mtoto wake kazi yote, mwalimu naye akampa alama za juu kabisa. Je, hapo aliyepimwa ni mtoto au ni mfuko?

Mimi ni mwalimu na najua kosa hili ni letu kwa sehemu kubwa. Mtaala hausemi kwamba gundi lazima itoke dukani. Sisi ndio tusiojua kwamba yaweza kutoka jikoni. Nao hausemi kwamba mapambo ni karatasi ya kumetameta. Mwalimu ambaye chumba chake mwenyewe kimepambwa kwa deni hawezi kumfunza mtoto kutumia kilichopo. Mwalimu aliyefinyanga bakuli lake, aliyesuka zulia lake, ataingia darasani na gunia kuukuu na vipande vya nguo, na somo la dakika arobaini litatosha kwa watoto hamsini bila mzazi yeyote kutoa shilingi.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa shule zilizo karibu na Buyangu na kwingineko. Mosi, kila shule iwe na sanduku moja la vifaa vya bure, ambamo watoto wote huweka walichonacho na wote huchukua humo, ili asijulikane nani alileta nini. Pili, kazi ya sanaa ifanyiwe darasani mbele ya mwalimu, isiende nyumbani kupikwa na wazazi. Tatu, waalikwe akina mama na nyanya wanaojua kukandika na kuchora, wapewe ukuta mmoja wa shule na heshima anayostahili mwalimu. Wamebaki wachache, na kila mwaka tunazika mmoja bila kumwuliza alipata wapi udongo mweupe. Tusingoje hadi ngoma zao ziishe. Tunakumbuka kwamba isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma ilipata mtetezi. Kuta bado hazijapata.

Nasikia hoja za wanaonipinga, nazo si za kupuuzwa.

Wapo watakaosema kwamba nawataka maskini waupambe umaskini wao badala ya kudai haki. Wataniuliza iweje mwalimu aliyesoma miaka yote hiyo aambiwe akusanye mikebe, ilhali alistahili nyumba ya serikali na mshahara wa kumtosha. Nakubali kwamba astahili vyote viwili, na siku walimu watakapovidai nitakuwa miongoni mwao. Lakini kudai haki hakumzuii mtu kuosha uso. Tena mtu asiye na deni la makochi hudai haki zake kwa sauti ya juu kuliko mwenye kutetemeka kila mwisho wa mwezi.

Wapo pia watakaosema kwamba chumba ni cha mwenye nyumba, na mpangaji akipiga msumari atafukuzwa. Ni kweli. Ndiyo maana nimetaja rafu isiyo na msumari, zulia linalokunjika na pazia la kamba. Kuhusu chokaa, mwendee mwenye nyumba kwa adabu kabla ya kununua. Mwambie, "Mzee, naomba kukupakia chumba chako kwa gharama yangu." Sijapata kumwona mzee aliyekataa kupakiwa ukuta bure, na wengine hupunguza kodi ya mwezi mmoja.

Mwisho wapo wanaoogopa wageni. Watasema nini wakikuta kreti mahali pa kabati? Kwa hawa sina hoja, nina methali: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mgeni aliyekuja kukuona wewe ataketi hata kwenye mkeka. Aliyekuja kuyaona makochi yako hana budi kwenda kuyaona ya mwingine.

Nimalizie nilipoanzia. Likizo ya Desemba iliyopita nilirudi nyumbani na ubao mwembamba wa futi nne kwa mbili. Niliupaka gundi ya unga, juu yake nikaupaka udongo wa mfinyanzi uliochekechwa na kuchanganywa na gundi ile ile, nikauacha ukauke kivulini. Nikamletea mama yangu mikebe mitatu: mwekundu, mweupe na mweusi. Mikono yake imezeeka na macho yake yamefifia. Aliushika ubao ule, akauliza, "Na huu ni wa nani?" Nikamwambia, "Ni wako, lakini nitakaa nao mimi." Alicheka, akachovya vidole, na kabla ya adhuhuri mawimbi meusi ya utoto wangu yalikuwa yamerudi. Alipoona mjukuu wake amesimama kutazama, alimpa mkebe mweupe, akamwonyesha pa kuanzia.

Ubao huo sasa umetundikwa kwa kamba katika chumba changu, mkabala na dirisha. Makochi niliyauza. Wageni huketi kwenye viti viwili na mkeka mmoja, na karibu wote huuliza ubao ule nimeununua wapi.

Walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mnaosoma makala haya: muhula ujao utakapofunguliwa, kabla hamjakwenda kuuliza bei ya kitu, ulizeni kwanza ni nani kijijini mwenu ajuaye kukitengeneza. Kisha kaeni chini mbele yake mfundishwe, angali hai.